Tunaugua Machi, tunahesabiwa kwa mwaka

Duka la dawa muhimu ninalotaka kulieleza liko kando ya barabara ya vumbi wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, katikati ya mashine ya kusaga na banda la kuchajia simu. Mwenye duka ni mama mtu mzima, amesomea kazi hiyo na cheti chake kinaning'inia ukutani. Chini ya meza ana daftari la kaunta lenye jalada gumu jeusi, kona zimeshaliwa. Nilipita pale mwezi Machi kununua Panadol, nikamkuta analiandika. Alinikubalia nilitazame kwa ahadi kwamba sitataja jina la mtu hata mmoja.

Safu zimepigwa kwa rula. Ya kwanza ni jina, ya pili dawa, ya tatu fedha inayodaiwa, ya nne siku ya kulipa. Katika safu hiyo ya nne hamna siku. Ukurasa baada ya ukurasa limeandikwa neno lile lile moja: korosho, yaani atalipa korosho zikiuzwa. Mseto wa malaria vidonge 12, korosho. Amoksilini vidonge 10, korosho. Dawa ya kikohozi ya mtoto, korosho. Nilifunua kurudi nyuma hadi Novemba nikakuta majina yamekatwa kwa wino mwekundu, moja baada ya jingine, hadi ukurasa mzima umegeuka rangi. Kuanzia Januari wino ule unapotea na mwandiko unaanza kubanana.

"Mama, mseto vidonge 12 si ni nusu dozi ya mtu mzima?" nilimuuliza.

"Najua, mwanangu. Nikimkatalia atakwenda kununua viwili viwili gengeni. Hapa namwandika ili arudi kumalizia."

"Na huwa wanarudi?"

"Akishapata nafuu anaona yamekwisha. Anakwenda zake shamba."

Tangu siku ile, kila ninaposikia mtu akisema eneo fulani "lina uhaba wa huduma za afya", hulikumbuka daftari lile na kujiuliza: uhaba wa mwezi gani? Kijiji kile kina zahanati. Kina muuguzi. Kina duka lenye mama anayejua kazi yake. Ukikihesabu Novemba kinahudumiwa, tena vizuri kiasi. Ukikihesabu Machi ni kijiji kingine kabisa, ingawa majengo ni yale yale na watu ni wale wale. Hoja yangu ni kwamba huku kusini, Mtwara na Lindi, tunapimwa kwa kipimo kisichojua kalenda yetu, na hapo ndipo watu wetu wanapopotelea.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1970, serikali ina fomula maalumu ya kuamua eneo gani lina upungufu wa tiba. Wanachukua mambo manne: idadi ya madaktari wa huduma za msingi kwa kila watu 1,000, vifo vya watoto wachanga, asilimia ya watu walio chini ya mstari wa umaskini, na asilimia ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kila jambo hupewa alama, zikajumlishwa kati ya 0 na 100. Eneo likipata alama 62 au pungufu linatambuliwa rasmi, na utambuzi huo hufungua milango ya fedha. Naipenda fomula hii kwa jambo moja kubwa: haikuishia kwenye madaktari. Imekiri kwamba umaskini wa watu na umri wao ni sehemu ya jibu, kwamba madaktari wawili katika mtaa wa matajiri si sawa na madaktari wawili katika mtaa wa wazee wasio na kitu.

Ila fomula ile imetungwa kwa nchi ambayo mshahara wa wengi huingia kila mwezi au kila wiki mbili, na barabara ya Aprili ni barabara ya Oktoba. Ilete Liwale, mkoani Lindi, uone itakavyohangaika.

Hata uwiano wa watumishi kwa watu, ambao sisi wenyewe tunautumia sana, una mtego wake. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Ni lengo zuri, na tuko mbali nalo. Lakini Lindi, kwa sensa ya 2022, ina watu takribani milioni 1.2 waliotawanyika katika mkoa ulio miongoni mwa mikoa mikubwa ya nchi kwa eneo. Mtwara ina watu milioni 1.6 katika eneo dogo zaidi kwa mbali. Ukigawa watumishi kwa watu, wilaya yenye watu wachache inaweza kuonekana imeneemeka. Mgonjwa wa kijiji cha ndani kabisa Liwale hagawiwi muuguzi kwa hesabu hiyo. Yeye anagawiwa njia, na njia hiyo ina mto katikati.

Turudi kwenye kalenda, maana ndiko kwenye kiini. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine zinagusa Mei. Korosho huokotwa na kuuzwa kwa minada kuanzia Oktoba hivi hadi mwisho wa mwaka. Basi fedha huingia kijijini wakati mvua zinaanza. Inalipa madeni, ada, bati, na sherehe za watoto walioingia jando na unyago. Kufikia Februari imekwisha. Ghala la chakula nalo linakaribia sakafu, kwa sababu mahindi mapya bado hayajakomaa. Na ndiyo miezi ambayo watu wengi huhamia mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Wanalala kwenye dungu au kibanda cha makuti, mara nyingi bila chandarua, mwendo wa saa mbili au tatu kutoka zahanati.

Ndipo malaria inapopanda. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka 5 wenye vimelea vya malaria ni 8 kati ya 100 kwa nchi nzima; Mtwara walikuwa 20 kati ya 100, na ni Tabora tu iliyotuzidi. Hiyo ni namba ya kutisha hata ukiiangalia kama ya mwaka. Ukiiweka juu ya kalenda niliyoieleza inatisha zaidi: homa inaongezeka katika wiki zile zile ambazo nyumba haina fedha, tumbo halijashiba, barabara imekatika na watu wako mbali na zahanati. Zahanati nayo ina mgao wake wa dawa. Mgao huo ukija kwa kipimo kilekile mwaka mzima, mseto utalala kwenye rafu Septemba na utakwisha Machi kabla mgao mwingine haujafika. Mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwa sera. Sera ile ni ya kweli na imeokoa wengi. Lakini bure ya rafu tupu inampeleka mama kwa yule mwenye daftari jeusi.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Uingereza, Julian Tudor Hart, aliyekuwa akitibu katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba tiba nzuri huelekea kuwa haba zaidi kwa watu wanaoihitaji zaidi. Yeye alikuwa akilinganisha mahali na mahali. Sisi huku tunaweza kulinganisha mwezi na mwezi katika kijiji kimoja, na sheria yake ikasimama vilevile.

Mwenye shaka akumbuke msimu wa korosho wa 2018/19. Wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa, na Novemba 2018 serikali ikatangaza itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki ukachukua muda, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao hadi ndani ya mwaka uliofuata. Sitaki kufufua mjadala wa bei hapa. Ninachotaka kionekane ni kwamba katika miezi ile hakuna muuguzi aliyeondolewa wala zahanati iliyofungwa kwa sababu ya korosho, na hata hivyo uwezo wa familia kufika hospitali, kulipa bodaboda, kulala mjini na mgonjwa siku nne, ulibadilika. Kipimo chochote cha idadi ya vituo na watumishi kingesema hali ni ile ile.

Labda gharama inayofichika kuliko zote ni ile ya mjamzito. Wanawake wa kusini hawakwepi vituo. Wengi wanahudhuria kliniki na wengi wanajifungulia huko, na mafanikio ya nchi yanaonekana: vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Tushukuru kwa hilo kwa dhati, maana nyuma yake kuna wakunga waliokesha na kina mama waliotembea. Sasa mchukue mwanamke mmoja kati ya hao, mimba ya tano, tarehe yake ya kujifungua ni katikati ya Machi. Kwenye kadi yake ya kliniki muuguzi amekoleza maneno kwa kalamu nyekundu: ajifungulie hospitali. Anamwambia, "Mama, wiki mbili kabla, nenda ukakae karibu na hospitali, usisubiri uchungu."

Ushauri huo ni sahihi kabisa. Tuuhesabu. Wiki mbili za kutolima wakati wa palizi. Mtu wa kumsindikiza, ambaye naye halimi: mama yake mzazi, au wifi. Unga wa watu wawili kwa siku 14, katika mwezi ambao nyumbani wanakula mlo mmoja. Nauli. Beseni, khanga mbili, mpira wa kulalia, glavu, maana mjamzito wa huku hajiamini kwenda bila kufungasha vyake. Watoto wanne walioachwa na baba anayelinda shamba. Kujifungua ni bure, lakini kusubiri si bure. Hivyo anabaki nyumbani akiomba Mungu uchungu umkute mchana. Ukimkuta usiku, kuna namba 115 isiyolipiwa ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ambayo naiona ni miongoni mwa mambo mazuri sana yaliyofanyika nchini miaka hii. Lakini hata namba hiyo inahitaji simu yenye chaji, mtandao unaoshika, na gari linaloweza kuvuka korongo lililojaa. Mwezi wa Septemba vyote hivyo vinawezekana.

Barabara ilitupa somo lake waziwazi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalipokata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi wilayani Kilwa, eneo la Somanga na jirani. Wengi walizungumzia mafuta, saruji na mabasi yaliyokwama. Mimi niliwaza mtu mwenye tarehe ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam. Tumepata hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, na imepunguza safari nyingi za kwenda Muhimbili. Bado yapo magonjwa ambayo tiba yake kwa mtu wa kusini iko ng'ambo ya mto Rufiji, na barabara kwake ni sehemu ya dozi.

Kuna jambo jingine ambalo kalenda na vituo pekee havilielezi, nalo ni kujulikana. Kati ya 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo uliwaangusha watu wengi katika Uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Watafiti walikuja, wakachukua sampuli, na mwaka 1955 Marion Robinson na W.H.R. Lumsden wakachapisha walichokiona. Ugonjwa ukaitwa chikungunya, neno la Kimakonde linalomweleza mtu aliyepinda kwa maumivu. Leo neno hilo liko kwenye vitabu vya tiba kuanzia India hadi Brazili. Lumsden aliona pia jambo ambalo bibi yeyote wa uwandani angemweleza: juu kule maji ni ya shida, watu huyahifadhi ndani ya nyumba kwa muda mrefu, na mbu wa ugonjwa ule huzaliana humo humo. Kwa maneno mengine, haja ya tiba ilianzia kwenye mtungi. Ungeongeza madaktari kumi Newala mwaka ule, bado mtungi ungezaa mbu.

Miaka 70 baadaye, mgonjwa mwenye homa kwenye zahanati ya uwandani anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kikionyesha hana, mara nyingi safari ya uchunguzi inaishia hapo. Ataambiwa ni homa tu, atapewa Panadol, pengine na kiuavijasumu. Kinachomwumiza hakina jina mahali pale, hata kama jina lake lilizaliwa pale. Julai 2022 Ruangwa, mkoani Lindi, ilitangaziwa ugonjwa wa homa na kutoka damu puani: wagonjwa 20 na vifo 3 wakati Wizara ya Afya ilipotoa taarifa kwamba ni leptospirosisi, homa ya mgunda. Waliougundua kwanza ni watumishi wa kituo cha vijijini walioona kitu kisicho cha kawaida wakapiga simu juu. Nawaheshimu sana. Lakini mtu lazima ajiulize ni homa ngapi za mgunda zilipita kabla ya hapo, bila damu puani, zikaandikwa malaria au hazikuandikwa kabisa. Jamii ambayo magonjwa yake hayana majina kwenye rejista yake haiwezi kuonekana ina uhitaji, kwa sababu uhitaji unasomwa kwenye rejista hiyo hiyo.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya umaskini, kilimo na miundombinu, tusimbebeshe mganga mfawidhi mizigo ya mawaziri wote. Sehemu ya hoja hiyo naikubali; mganga mfawidhi wa zahanati, mara nyingi yeye na muuguzi mmoja usiku na mchana, amebeba ya kutosha. Ila upo utaratibu ulio ndani ya uwezo wa sekta ya afya na halmashauri zetu, na hauhitaji jengo jipya hata moja.

La kwanza ni fedha ya bima kukusanywa wakati fedha ipo. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Mwombe mkulima wa Nanyumbu elfu 30 mwezi wa pili, utakuwa umemwomba chakula cha watoto. Mwombe Novemba, siku ambayo malipo ya mnada yanapita kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, ni kilo chache tu za korosho. Vyama vya msingi vina majina ya wakulima, vina akaunti zao, na tayari vinashughulikia makato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023. Utekelezaji wake huku ukifuata mwaka wa fedha wa serikali na kuupuuza mwaka wa korosho, utakuta watu mlangoni wakati mifuko yao ni mitupu, kisha wataandikwa kwamba hawana mwamko. Neno hilo, mwamko, limetumika vibaya mno dhidi ya watu wa kusini.

Lakini kadi hainunui kilichokwisha. Kwa hiyo mgao wa dawa nao uwe na miezi yake: mseto, vipimo vya haraka, dawa za kuharisha na dripu viongezwe kabla barabara hazijaharibika, yaani zahanati za mwisho wa njia zijazwe Desemba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe ratiba ya mashambani katika miezi ya kulinda mazao, wasikae kijijini kugonga nyumba ambazo hazina watu. Na ile wiki mbili ya mjamzito iwekewe unga. Halmashauri inayopata ushuru wake kwenye korosho za mume na baba yake inaweza kumnunulia debe la sembe la kusubiria.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, wakati ule ule ambao safu ya nne ya daftari la mama yule inaanza kujaa. Madiwani hufika kikaoni wakiwa wamepita kwenye tope hilo hilo. Ningeomba diwani mmoja, wa kata yoyote ya Tandahimba, Newala, Ruangwa au Liwale, aje na leja ya dawa ya zahanati moja ya kata yake, afunue Machi ya mwaka uliopita, na asome kwa sauti ni siku ngapi mseto ulikuwa sifuri. Kisha afunue Septemba, asome tena.